Mwaka Nembris Alipogeuka

Simu ya Nembris ilinikuta jikoni nikikanda unga wa maandazi, nikamwambia mwanangu Nuru aishike sikioni mwangu kwa sababu mikono yangu ilikuwa haifai. Nembris alisema yeyo amefariki. Yeyo ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita mama, na huyu alikuwa mama yake mzazi. Alisema mazishi ni Jumamosi, kule kule juu ya Ngaramtoni, shambani kwao. Nikampa pole. "Paulina," akasema, "nakuuliza kitu ambacho jibu lake nalijua. Ile picha mliifuta, sivyo?" Unga ulikuwa unaanza kunikaukia vidoleni. "Nauliza kwa sababu hatuna hata moja. Iliyopo ni ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu aliyekamatwa na polisi. Hiyo ndiyo wanataka kuiweka juu ya jeneza. Yeyo hakuwa na sura ile, Paulina." Nikamwambia nitampigia. Nilinawa, nikaenda sebuleni, nikasimama mbele ya picha yetu ya harusi, mimi na mume wangu Gideoni, ambayo tumehama nayo kila nyumba tuliyopanga mpaka hii tuliyojenga. Sikuishusha. Nilikaa kwanza. Mwaka ule wote ulikuwa nyuma ya kioo kile, na mimi si mtu wa kukimbia, iwe kwa miguu au kwa kalamu.

Mwaka ule nilikuwa mke mpya. Gideoni alinioa mwezi wa kwanza, na ilipofika Pasaka nilikuwa nimeshika kamera. Hatukupanga iwe hivyo. Mwenzake waliyekuwa wakipiga naye picha za harusi alihamia Dar ghafla, na msimu ulikuwa umeshaanza, na harusi moja inataka macho mawili: jicho moja mbele ya maharusi, jingine pembeni kwa watu. Akanipa kamera yake ya zamani, akanionyesha kidole kikae wapi, akasema, "Usiwaze sana. Kitu kikikugusa, bonyeza." Nilikuwa msichana wa haya. Shuleni, mpaka namaliza la saba, mwalimu akiniuliza swali nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu kana kwamba jibu limeandikwa pale. Kumbe mtu mwenye kamera usoni haulizwi kitu. Watu wanakupisha. Unaweza kusimama katikati ya ukumbi wenye mamia ya watu ukawa umejificha. Niliipenda ile kazi kwa sababu hiyo kabla sijaipenda kwa sababu nyingine yoyote.

Tuliishi Kimandolu, vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa sebule na ofisi: kompyuta juu ya meza iliyofunikwa kitambaa nilichopewa kwenye kitchen party, viti vitatu vya wateja, na ukuta mmoja mweupe kwa picha za pasipoti, ambao Gideoni hakutaka mtu auegemee. Cha nyuma kilikuwa cha kulala, na kati ya hivyo viwili palikuwa na pazia tu. Mimi nilipika uani, hatua chache kutoka kwenye pazia hilo, na betri za kamera zilichajiwa juu ya kabati la vyombo, kwa hiyo hata leo nikisikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa naona vile vitaa vyekundu vikigeuka kijani. Ijumaa hadi Jumapili hatukuwa watu wa nyumbani. Tulikula wali wa harusi tukiwa tumesimama nyuma ya ukumbi na wapishi. Jumatatu hadi Alhamisi walikuja wateja kuchagua picha za albamu, nami nikiwa nageuza ndizi au nachambua maharage nilikuwa nawasikia wote. "Jamani, mbona mkono wangu umekuwa mnene hivi? Kamera yako ina nini?" "Na huyu wa kushoto, mnaweza kumtoa?" "Ni nani huyo, dada?" "Alikuwa shemeji." Gideoni alikuwa anacheka na kila mtu. Alitoka Same, Mpare wa milimani, na wateja walipenda kumtania kwa ubahili wanaosingiziwa Wapare, kwamba hata tabasamu analiweka akiba. Aliwatoa mashemeji, akapunguza mikono minene. Nilikuwa nikijiuliza, mle jikoni kwangu, hao wanaotolewa wanakwenda wapi.

Harusi ya Nembris ilikuwa mwezi wa saba, wakati ukungu wa mlima unaposhuka mpaka kwenye migomba na watu wanaongea huku wanatoa moshi mdomoni. Sikuwa namjua. Alikuwa msichana wa rika langu, mrefu, mwenye meno mazuri, na alikuwa anaolewa na Lomayani, fundi umeme, kwenye nyumba moja ya Engutoto iliyotawaliwa na mama mjane. Tulifika kwao Nembris, juu ya Ngaramtoni, asubuhi. Mtu wa video alikuwa ameshatangulia kanisani kumfuata bwana harusi, kwa hiyo pale nyumbani tulikuwa sisi wawili tu. Nilipiga picha za mashangazi wakimfunga shela, nikapiga sahani ya loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, iliyoachwa nusu, na nikajaribu kumpiga mama yake nikashindwa. Kila nilipoinua kamera, kanga ilipanda mpaka machoni. "Usijisumbue, binti yangu," aliniambia kwa upole. "Nilipokuwa msichana, wazungu walinipiga sana picha barabarani nikiwa na kuni mgongoni. Hawakuniuliza, wala hawakuniletea hata moja. Nikaapa." Alinimiminia chai ya maziwa, akaniambia nikae karibu na moto.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, linajulikana tu. Bibi harusi wa Kiarusha akishatoka mlangoni kwao hageuki. Wazee wanambariki kwa maziwa na majani mabichi, anaelekezwa getini, na kuanzia hapo macho yake ni ya mbele. Akigeuka atakuwa jiwe. Wengine wanasema jiwe kweli, wengine wanasema litakalokuwa jiwe ni tumbo, halitashika mimba. Tuna kanisa letu na kwaya zetu na pete zetu, lakini sijaona msichana wa kwetu aliyejaribu. Mimi mwenyewe nilitoka kwetu nikiwa nimekaza shingo mpaka ikaniuma hadi madhabahuni. Nyuma yangu nilisikia sufuria ikianguka kwenye sakafu ya jikoni. Nikajua ni mama. Sikujua kaidondosha kwa nini, na sikuona sura yake, nikaingia kwenye gari. Gideoni hayo hakuyaona kwa sababu siku ile yeye alikuwa kanisani ananisubiri. Na harusi alizozizoea zilikuwa za mjini, bibi harusi anatokea saluni.

Kwa hiyo Nembris alipotoka, amelowa maziwa kidogo kifuani, mashangazi wakiimba pande zote mbili, Gideoni alikuwa amesimama getini na lenzi imewaelekea, na mimi niko pembeni kwenye migomba. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo nyuma yake. Nilimwona Gideoni akiinua mkono, na nikajua anachotaka kabla hajasema, maana ni pozi alilolipenda kuliko yote, bega mbele na uso nyuma. "Bibi harusi!" aliita, kwa ile sauti yake ya kuchangamsha watu. "Simama hapo hapo! Geuka kidogo, angalia nyumbani!" Niliita, "Gide, hapana!" lakini sauti yangu ya siku zile haikuweza kushinda vigelegele. Na Nembris akageuka. Hakugeuka kidogo, kama alivyoambiwa. Aligeuka shingo yote, akatazama.

Nyimbo zilikatika kama mtu amezima redio. Shangazi mmoja alichuchumaa, wengine walishika midomo, Nembris akaanza kurudisha uso, na kidole changu kikabonyeza chenyewe. Halafu shangazi mkubwa, mwanamke mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya, akasema polepole, "Hakugeuka. Nani ameona amegeuka? Hakuna. Imbeni." Wakaimba. Akamshika Nembris mabega, akamwelekeza mbele kama mtu anayerudisha mlango, akampeleka mpaka kwenye gari. Kisha akamrudia Gideoni, ambaye alikuwa hajui amefanya nini, anatabasamu tu kwa woga.

"Wewe kijana."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho kidude chako hakijaona kitu."

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Nimesema hakijaona."

Jumatatu yake Gideoni aliniita kutoka kwenye maharage. "Njoo uone." Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta mikono kichwani. Sijui kueleza picha kwa maneno, lakini hii nitajaribu. Mbele alikuwa Nembris, shela imeruka na upepo wa kugeuka kwake, uso wake unaonekana nusu. Nyuma, katikati ya mlango wa jiko la mbao, moshi ukimzunguka pande zote, alisimama mama yake. Kwa kuwa watu wote walikuwa wanamtazama bibi harusi na hakuna aliyemtazama yeye, kanga ilikuwa imeanguka mabegani. Mkono mmoja alikuwa ameuinua, ukakomea njiani, haukuwa wa kuaga wala wa kuzuia. Walikuwa wanatazamana. "Hii," Gideoni alisema, "ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani mwangu." Na alikuwa anasema kweli.

Rafiki yake alikuwa na duka karibu na mzunguko wa mnara wa saa, lenye kioo kikubwa kinachotazama barabara, na alikuwa amemwahidi nafasi ya picha moja, kubwa, itakayoonekana na kila anayepita mjini. Mwaka mzima Gideoni alikuwa anatafuta picha ya kioo kile. Nikamwambia habari ya jiwe. Ndoa yetu ilikuwa na miezi sita, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumpinga kwa sentensi ndefu. Akacheka. "Mke wangu, nilimwona ukumbini anakula keki. Jiwe gani linakula keki?" Nikamwambia si yeye wala mimi tutakaoamua kama ni jiwe, ni watu wa Engutoto. Akaacha kucheka. "Kwa hiyo nisubiri mpaka lini? Mpaka nipige picha isiyomkera mtu yeyote? Hizo ninazo elfu, Paulina. Za watu wanakata keki." Tulikula makande bila kuongea. Kwenye nyumba ya vyumba viwili, watu wawili wasioongea wanasikika mpaka wanapotafuna. Kesho yake alikwenda mjini, akaisafisha moja, ndogo, ya kumwonyesha mwenye duka.

Siku aliyoenda kuionyesha ndiyo Nembris alikuja. Alipita mlango wa uani, kanga kichwani kama mtu anayekwepa mvua, na mvua haikuwepo. Nilimpa kigoda. Nilimpa chai, akaishika tu. "Dada, nimetoroka sokoni, sina muda," alisema. "Mama mkwe anakuja Alhamisi kuchagua picha. Amesema anataka kuziona zote. Zote, si za albamu tu. Kuna mtu amemnong'oneza." Akaniambia kilichokuwa kinamtisha. Kaka mkubwa wa Lomayani alikuwa na mke kabla ya huyu aliye naye sasa. Mimba zake zilitoka, moja baada ya nyingine, na watu wa pale nyumbani wakaanza kusema alipotoka kwao aligeuka. Hakukuwa na aliyeona. Yalikuwa maneno tu, na kwa maneno hayo alirudishwa kwao na sanduku lake. "Yule hawakuwa na ushahidi," Nembris alisema. "Mimi mnao kwenye kompyuta." Nikamwuliza, kwa sababu nilitaka kujua na kwa sababu mimi sikuwa nimeweza, kwa nini aligeuka. Alifikiri. "Mume wako aliponiambia geuka, nilisikia kama mtu mkubwa amenipa ruhusa. Nilikuwa naitafuta ruhusa tangu asubuhi."

Alipoondoka nilifungua pazia nikamkuta Gideoni amekaa kwenye kiti cha wateja, bahasha ya picha magotini. Alikuwa amerudi mapema, kaingia kwa mbele. Maisha yetu yote pale mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza nyuma ya pazia. Siku ile alikuwa yeye. Alikaa muda mrefu akiitazama kompyuta kana kwamba ni mgonjwa. "Mwenye duka amekubali," alisema. Halafu akasimama. "Futa wewe. Mimi mkono wangu hautaweza." Akatoka nje kwenda kuzungumza na jirani kuhusu mpira, kwa sauti kubwa kuliko mpira ulivyostahili. Nikakaa, nikaitafuta, nikaifuta, nikafuta na mahali zinapokwenda zilizofutwa. Ilibaki ya karatasi. "Na hii?" nilimwuliza aliporudi. "Choma," akasema bila kunitazama. Nilikwenda nayo mpaka kwenye jiko. Makaa yalikuwa yamekolea vizuri. Lakini yule mama alikuwa amesimama pale katikati ya moshi wake, kanga mabegani, amejisahau kwa mara ya kwanza, na mikono yangu ilikumbuka chai yake. Nikaishusha picha yetu ya harusi, nikaiweka ile nyuma yake, uso kwa ubao, nikaifunga kwa gundi ya karatasi ya kahawia, nikairudisha ukutani.

Alhamisi mama mkwe alifika na Nembris nyuma yake. Mama Lomayani alikuwa mwanamke mrefu, aliyenyooka, mwenye mkoba mweusi aliouweka magotini na kuushika kwa mikono miwili. "Takwenya, yeyo," nilimwamkia kwa lugha yetu, akaitikia, "Iko," akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kumbe wewe ni wa kwetu." Sikujua kama hilo ni jema au baya. Chai aliikataa. Alivuta kiti chake karibu na kompyuta mpaka goti lake likagusa langu, maana Gideoni alisema vidole vyake vina mafuta ya pikipiki na mimi ndiye nitakayegeuza picha. Gideoni alisimama nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameegemea ukuta wake mweupe.

Tukaanza. Shela, mashangazi, sahani ya loshoro. Mama Lomayani alikuwa anatazama kila picha kama mtu anayechagua mchele, na hakunipa ruhusa ya kuendelea mpaka aitikie kwa kichwa. Wazee na kibuyu cha maziwa. Nembris mlangoni. Nembris anakuja, macho chini, anatabasamu. Nikabonyeza. Nilijua ile haipo. Nilichosahau ni yangu. Kompyuta ikatuonyesha picha niliyopiga mimi kutoka kwenye migomba, kidole kilipobonyeza chenyewe: Nembris ndio kwanza anarudisha uso mbele, macho yamemtoka, na nyuma yake shangazi mmoja amechuchumaa, wengine wote wameshika midomo, na mtoto mdogo anawatazama wakubwa kwa mshangao.

"Rudisha," alisema Mama Lomayani. Nikarudisha. "Endelea." Nikaendelea. Uani kwangu birika lilikuwa linachemka, hakuna aliyekwenda kuliondoa. "Hapa katikati kumetokea nini?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Vilikuwa pale pale vilipokuwa tangu la kwanza. "Kiatu," nilisema, na sauti iliyotoka ilikuwa kubwa. "Kisigino kilizama kwenye matope, mama. Kulikuwa na umande mwingi. Ilibaki kidogo aanguke."

Aligeuka kwa Gideoni. "Baba, wewe ndiye uliyekuwa mbele. Uliona nini?"

Gideoni alikuwa mtu asiyeweza kudanganya hata bei ya nyanya. Kama angesema neno moja jingine, picha ya kioo cha duka isingekuwa na haja ya kufichwa tena, na mimi ningekuwa mwongo mbele ya wateja wa mji mzima. "Kisigino, mama," alisema. "Na mimi nilishtuka. Hata picha sikupiga."

"Hata picha hukupiga." Alilirudia kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu sana. "Ulianguka?"

"Hapana, mama."

"Aliyeyumba akasimama hajaanguka." Alifungua mkoba, akatoa leso, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Hiyo ya midomo msiiweke kwenye albamu. Watu wana maneno. Endelea, binti."

Kwa miaka yote iliyofuata nilidhani tulimshinda. Gideoni hakuweka kitu kwenye kioo cha duka mwaka ule. Mwaka uliofuata nafasi ilichukuliwa na mtu wa mapazia. Aliendelea kupiga picha za keki, na nyingine nzuri pia, kule Momela kwenye maziwa, lakini hakuna aliyowahi kuniita niione huku ameshika kichwa. Hakunilaumu hata siku moja. Nembris alizaa, akazaa tena, na Mama Lomayani aliwalea wajukuu kwa mkono ule ule mgumu, wakiishi nyumba moja mpaka leo. Nilimwambia Nembris imefutwa, asiwe na wasiwasi, hakuna tena. Tukawa marafiki wa namna ya watu waliowahi kubeba kitu kizito pamoja: tunaonana mara chache, hatukisemi.

Basi siku ile ya simu, baada ya kukaa, niliishusha picha yetu ya harusi. Nikaigeuza. Gundi yangu ya kahawia haikuwepo. Ilikuwa gundi nyeupe, mpya, imepangwa sawasawa pembe zote nne kwa mkono wa mtu mwenye subira. Gideoni alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia. "Ya kwako ilikauka zamani," alisema. "Tulipokuwa tunahamia hapa ilitaka kudondoka." Aliitoa ile ya Nembris na yeyo, akaiweka kwenye mashine yake ya siku hizi, akaikuza, akaisafisha madoa. Kisha akaniuliza swali la kazi yetu, lile la mashemeji: "Nimkate Nembris? Abaki yeyo peke yake mlangoni. Hakuna atakayejua." Nikampigia Nembris, nikamweleza kila kitu, kwamba nilimdanganya, kwamba ipo, kwamba anaweza kutolewa. Alilia kwanza. Halafu akauliza, "Nikikatwa, yeyo atakuwa anamtazama nani?" Nikamkumbusha kwamba mama mkwe atakuwepo msibani. "Najua," alisema. "Usinikate."

Jumamosi picha iliwekwa juu ya kiti kando ya jeneza, pale pale uani, mbele ya jiko lile la mbao. Watu walipita, wakatazama, na wale wa kwetu walioelewa walipunguza sauti. Mama Lomayani alikuja na fimbo, mwanawe amemshika mkono. Nembris alinikamata kifundo cha mkono kwa nguvu iliyoniumiza. Bibi yule alisimama mbele ya kiti. "Nisogezeeni, macho yangu hayafiki." Wakamsogezea. Alitazama kama alivyotazama Kimandolu, bila haraka.

"Huyu ni wewe."

"Ni mimi, mama," Nembris alisema.

"Na huyu ni yeyo wako." Alinyoosha kidole, akaugusa ule mlango kwenye picha. "Alisimama." Zilisikika kengele za mbuzi wa jirani. "Wa kwangu, siku nilipotoka, hakusimama," alisema. "Mlango ulikuwa mtupu. Kuku alikuwa anaingia ndani." Kisha akaomba kiti.

Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Nembris aliniachia mkono.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia Gideoni akate kona kwa mama yangu. Tulimkuta jikoni, mwiko mkononi, akashangaa kutuona na nguo za msiba. Nikamwuliza, kabla haya haijanikamata, siku ile nilipokuwa natoka sufuria iliangukaje. Alifikiri kidogo, kana kwamba ni jambo la juzi. "Niliiangusha nikikimbilia mlangoni," alisema. "Nafika, umeshaingia kwenye gari." Nikamwomba asimame pale. Nikatembea kuelekea getini, ambako Gideoni alikuwa ameshainua kamera bila kuambiwa. Shingo yangu ilikuwa ngumu kama siku ile. Nikageuka. "Unaangalia nini, wewe?" mama alipiga kelele. "Maharage yanaungua!" Lakini hakuondoka mlangoni.